Kikapu cha Ludek Katika Robo ya Nne

Alhamisi, 1 Februari 1951

AMEFUNGA! Ludek wangu amefunga! Jana jioni, robo ya pili, mpira wa bure. Ukagonga chuma, ukaruka, ukafikiri kidogo, ukaingia. Pointi moja! Nilipiga kelele mpaka kofia ya bwana wa mbele ikamwangukia mkewe.

Haya, shajara, hujambo. Habari njema hazingoji salamu.

Na gazeti limeandika! Kwenye ile orodha ya namba, chini kabisa, baada ya wengine wote: P'b'ski, 0, 1, 4, 1. Yaani vikapu sifuri, mpira wa bure mmoja, makosa manne, pointi moja. Jina letu ni Przybylowski, lakini gazeti lina nafasi ya kidole kimoja, basi wanalikamua kama shati la kufuliwa. Sijali. Nimekata kipande, nimekibandika jikoni kando ya picha ya Mama wa Mungu. Naye ana mwana, ataelewa.

Kwamba Masufuria, timu yetu ya mpira wa kikapu, walishindwa 71 kwa 58, sioni sababu ya kuandika. Nimeandika tu kwa sababu kalamu ilikuwa inapita hapo.

Saa nne Mama Emil wa nyumba ya pili alikuja kuazima sukari. Hakuja kuazima sukari. Alikuja kuhesabu. Emil wake jana alifunga ishirini na tatu. Akatazama ukuta wangu, akasema usijali, Mama Ludek, hata moja ni pointi, haba na haba hujaza kibaba. Nikampa punje za sukari kwenye kijiko cha chai. Nikamwambia haba na haba.

Alikuwa amebeba ile skafu yake. Kila mchezo yuko nayo. Pointi ikiingia, anafuma mstari mmoja: myekundu ya Emil, myeupe ya wachezaji wetu wengine wote. Tangu Novemba hata sindano hazijapumzika. Skafu yenyewe sasa inaweza kumfunga farasi shingo na kubaki.

Jioni, habari mbaya. Ludek kaniambia huku anatazama supu. Mwenye timu ni Bwana Lindqvist, mwenye kiwanda cha masufuria pia, na ndiyo maana timu inaitwa hivyo. Amesema wachezaji kumi na mmoja ni wengi. Mwisho wa mwezi anapunguza mmoja. Ataangalia karatasi ya msimu, pointi na zile pasi zinazozaa vikapu. Mwenye namba ndogo kuliko wote anarudi kiwandani, kwenye tanuri.

Ludek ana pointi kumi na tisa. Anayemfuata juu ni Tolliver, ana thelathini na mbili. Na magoti yake Tolliver unayasikia yakilia ukiwa barabarani!

Tanuri mimi nalijua. Mume wangu Stach yuko hapo miaka ishirini na miwili. Hana nyusi tangu 1929. Mwanangu ana nyusi nzuri kuliko zote hapa Kenosset. Hazitaungua.

Nimefikiri. Karatasi haijiandiki. Inaandikwa na mtu, na mtu ana tumbo. Karani wa mchezo ni Bwana Teague, mwalimu mstaafu wa hesabu. Na leo ni Alhamisi ya Mafuta, siku ya sisi Wapolandi kukaanga kila kitu kabla ya Kwaresima. Nimekaanga pączki sitini, maandazi yetu yenye jemu ya plamu tumboni. Stach kauliza ni za nani. Nimemwambia ni za elimu.

Ijumaa, 2 Februari

Bwana Teague alikula kumi na moja. Alikuwa amesimama. Hata kofia hakuvua.

Kati ya andazi la saba na la nane nikamuuliza, kwa sauti ya mjane, hivi zile pasi zinahesabiwaje. Akasema kikapu hakina ubishi, kimeingia au hakijaingia. Pasi ni kitu cha jicho la karani. Nikauliza jicho la nani. Akasema langu. Nikamwekea andazi lingine mbele ya jicho.

Nimerudi nyumbani naimba. Barafu ya njiani sikuiona.

Jumapili, 4 Februari

Pasi NNE! Ludek alicheza dakika sita, akaandikiwa pasi nne! Moja kati ya hizo iligonga ngoma ya bendi. Lakini Bwana Teague alipangusa sukari kwenye sharubu, akaandika. Jicho ni jicho.

Tulishindwa. Mama Emil alisema hajawahi kuona ngoma ikifunga kikapu. Nikamwambia hajaona mengi.

Jumatano, 7 Februari

Jumatano ya Majivu. Kanisani nilikuwa nyuma ya Bwana Teague kwenye mstari wa majivu. Nikamnong'oneza kwamba Jumapili namletea pączki za ganda la chungwa. Akageuka na ule msalaba mweusi kwenye paji la uso. Akasema ameacha vitu vitamu mpaka Pasaka.

Vyote? Vyote!

Na si hilo tu. Ameungama! Alimwambia Padri zile pasi nne. Padri akampa Salamu Maria kumi na kumwamuru afute tatu. Nikauliza kwa nini asifute zote. Akasema moja ilikuwa ya kweli.

Sasa Padri anajua nini kuhusu mpira wa kikapu? Nilipopiga magoti sikuweza kusali. Nilikuwa natoa tatu kwenye jumla.

Nimeanza novena, siku tisa za sala. Nimeomba kwa upole tu, Bwana Teague apate kitu kidogo machoni. Siyo upofu. Ukungu.

Jumatatu, 12 Februari

Jana walicheza ugenini, Port Ellery. Bwana Teague hasafiri, karani wa huko aliandika. Ludek: 0, 0, 5, 0. Ukumbi mzima wa Port Ellery hauna mama hata mmoja mwenye huruma.

Emil: ishirini na moja. Mama Emil alipita mbele ya dirisha langu mara tatu na skafu. Mara ya tatu alijifanya anatafuta paka. Hana paka.

Alhamisi, 15 Februari

Mungu ni mkubwa, ila hajui kulenga. Au ni mimi sikueleza vizuri. Bwana Teague alikuwa anakwangua theluji mlangoni kwake, akateleza, ameteguka mkono. Wa kuandikia!

Nilifika kwake kabla ya daktari. Nikamlilia kweli, maana ni mtu mwema. Kisha nikamwambia hapa Kenosset yuko mtu aliyehesabu vifuniko vya masufuria kiwandani miaka saba kabla ya kujifungua, na hakupoteza kifuniko hata kimoja. Akauliza nani. Nikaweka mkono kifuani.

Alinitazama sana. Akasema Mama Ludek, unaapa utaandika unachokiona? Nikaapa. Nikasema moyoni, mama anaona mengi.

Akanifundisha mpaka jioni. Ubao ni wa watazamaji. Kitabu ndicho sheria. Ubao ukisema hivi na kitabu cha wenyeji kikasema vile, kitabu kimeshinda. Kila robo ikiisha, karani wa wageni analinganisha na kutia sahihi, na baada ya sahihi hakuna wa kugusa.

Nimeelewa yote. Nimeelewa kupita alivyotaka.

Jumapili, 18 Februari

Nitaandika pole pole, nisiruke kitu.

Saa nane kamili nilikuwa mezani. Gauni la bluu, penseli tatu. Mama Emil safu ya kwanza na skafu yake, uso kama maziwa yaliyolala. Wageni ni Port Ellery, hao hao wa wiki iliyopita, wanaoongoza ligi. Karani wao ni Bwana Pettibone wa benki, miwani minene, mtu wa kuchonga penseli hata isipohitaji. Nikafungua bakuli. Pierogi, sambusa zetu za viazi na jibini, zimekaangwa kwa siagi na kitunguu. Siyo nyama, siyo tamu. Kwaresima haina neno.

Bwana Pettibone akasema hali chakula akiwa kazini. Nikasema sawa. Nikaacha bakuli wazi.

Robo ya kwanza alikula tatu. Robo ya pili hakuwa anahesabu tena. Alitia sahihi kwa vidole vya siagi, penseli ikimponyoka kama samaki. Na mimi niliandika haki tupu! Kila kikapu, kila kosa. Hata wa Port Ellery niliwaandikia vizuri, kila mmoja wao ana mama huko.

Robo ya tatu wakamwingiza Ludek. Alisimama pale chini ya kikapu kama kabati. Makosa manne chapuchapu. La tano lilikuwa la kuonewa. La sita, alimkumbatia yule mrefu wao kama ndugu aliyeshuka garimoshi. Filimbi. Nje! Makosa sita, harudi tena. Robo ikaisha, Bwana Pettibone akatia sahihi.

Nikatazama mstari wa mwanangu. Sifuri, sifuri, sita, sifuri. Nikamwona benchi, taulo kichwani, anamenya chungwa. Nikaona tanuri. Nikaona nyusi.

Sikumnyang'anya mtu. Emil alikuwa na ishirini na nne, ningeweza kuchota kwake na Mungu asingeona. Lakini kuiba ni dhambi. Kuongeza ni ukarimu. Dakika ya mwisho, watu wote wanatazama saa, mkono wangu ukaona huruma kabla yangu. Ukamwandikia kikapu kimoja. Kimoja tu! Bwana Pettibone, penseli yake iko chini ya meza, akaniomba anakili kutoka kwangu. Nikamsogezea kitabu. Nikamsogezea na bakuli.

Mchezo ukaisha. Ubao: Port Ellery 54, Masufuria 53. Watu wanavaa makoti. Refa akaja mezani kujumlisha, kama desturi. Akajumlisha. Akajumlisha tena. Akanyanyua kichwa, akauliza mbona napata hamsini na tano.

Shajara, nakuapia. Kikapu ni pointi mbili, hilo nalijua tangu tumbo la mama. Ila kwamba mbili za Ludek ni mbili za timu nzima, hilo halikunipitia kichwani kabisa!

Akafungua kitabu cha Bwana Pettibone. Hamsini na tano. Bwana Pettibone akawa mweupe kuliko pierogi. Refa akasema ubao ni ubao, kitabu ni kitabu. Akapuliza filimbi, akanyanyua mkono wa Masufuria.

Ukumbi ulilipuka! Watu walivua makoti wakayarusha! Wakauliza nani kafunga cha ushindi, refa akasoma: Przybylowski! Jina lote, herufi zote! Wakambeba Ludek mabegani, ilibidi watu watano, na chungwa lake mkononi. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa natazama penseli.

Mtu mmoja tu hakupiga kelele. Mama Emil alikuwa ameinamia skafu, kidole kinapanda mstari kwa mstari, midomo inacheza.

Jumatatu, 19 Februari

Mji wote umekiona kile kikapu.

Mwuza nyama kasema kilitoka kushoto, mkono mmoja. Kinyozi kasema hapana, kulia, na Ludek alikuwa amefumba macho. Kufika saa sita kilikuwa kimetoka katikati ya uwanja. Mwandishi wa gazeti kaandika kwamba alikuwa anajimiminia kahawa, ila alisikia upepo wake. Jioni hata mimi nilianza kukikumbuka. Kilikuwa kizuri sana!

P'b'ski, 1, 0, 6, 2. Kiko ukutani. Imebidi Mama wa Mungu asogee kidogo.

Nyumbani ni matanga. Ludek hali chakula. Amesema, "Mama, mimi nilikuwa benchi. Nakula chungwa." Nikamwambia labda ulifunga kabla ya chungwa. Akasema robo ya nne yote ilikuwa chungwa. Stach akaniambia, bila kuinua macho kwenye gazeti, njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu afadhali, nje kuna theluji.

Jumanne, 20 Februari

Port Ellery wamekata rufaa. Ofisi ya ligi inamtuma mtu, Bwana Ackerley. Alhamisi, ofisini kwa Bwana Lindqvist. Nimeitwa na kitabu. Ludek ameitwa pia.

Nimekaanga kitu. Sijui hata nimekaanga nini.

Alhamisi, 22 Februari

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Washington, yule wanayesema tangu utoto hakuweza kusema uongo. Siku zote za mwaka, wakachagua hii! Picha yake ipo ofisini kwa Bwana Lindqvist. Ilinikazia macho saa nzima.

Bwana Ackerley ni mtu mkavu. Pierogi alizisogeza kwa rula. Akaweka kidole kwenye kitabu, akasema mchezaji huyu ana makosa sita katika robo ya tatu. Kisha ana kikapu katika robo ya nne. Alikifungaje? Nikaanza kueleza kwamba Ludek ana mikono mirefu sana tangu kuzaliwa, mkunga mwenyewe alishangaa.

Ludek akasimama. Akasema, "Sikufunga, bwana. Sijafunga kikapu tangu sikukuu ya Krismasi. Mama yangu ananipenda, basi."

Hee! Mtoto gani huyu! Nilitaka kumzaba kofi na kumbusu, sikujua nianze na lipi. Nikalia tu. Nikakiri. Nikasema ni mkono, si mimi. Bwana Ackerley akasema haiwezekani kuuadhibu mkono peke yake.

Akauliza kama kuna rekodi nyingine ya mchezo, maana kitabu kimeharibika na cha wageni ni nakala yake. Mlango ukagongwa. Mama Emil! Skafu yote, imejaza kapu la nguo. Akaimwaga juu ya meza ya Bwana Lindqvist. Alikuwa ameweka pini kuonyesha mwanzo wa mchezo wa Jumapili. Bwana Ackerley akahesabu kwa rula. Mistari ishirini na minne myekundu. Ishirini na tisa myeupe. Hamsini na tatu.

Basi tumeshindwa. Rasmi, kwa sufi. Bwana Ackerley aliandika kwenye ripoti: skafu. Mimi nimepigwa marufuku kukaa karibu na meza ya karani, safu kumi kwenda nyuma, maisha.

Bwana Lindqvist akachukua ile karatasi ya msimu na penseli. Penseli ikashuka moja kwa moja hadi jina la chini. Jina letu. Nikafumba macho nisione.

Kisha nikamsikia akiuliza haya mafundo ni nini.

Maana skafu ina mafundo. Kwenye mistari myekundu, hapa moja, pale mawili. Nilidhani ni ufumaji mbaya, na nimewahi kusema hivyo, mbele za watu. Mama Emil akawa mwekundu kama uzi wake. Akasema msinitazame hivyo. Kila Emil akifunga kwa sababu ule mlima wa mtoto wa Mama Ludek umesimama njiani na kumzuia mtu anayemkaba, yeye huweka fundo. Ili Emil akijisifu nyumbani, amwonyeshe. Gazeti haliandiki hayo. Kitabu hakina safu ya hayo. Bwana Lindqvist akauliza ni mangapi. Akasema tangu Novemba, sitini na moja.

Bwana Lindqvist alipapasa mafundo yote, moja moja, kama rozari. Kisha akasema neno ambalo nitalitia kwenye fremu. Akasema hakuna mpishi anayesifu kitako cha sufuria, lakini ndicho kinachokaa motoni.

Akaiweka penseli mfukoni.

Tolliver, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akauliza kama basi aende yeye. Alikuwa anatabasamu. Kumbe magoti yake yanamwomba aache tangu Krismasi, na shemeji yake ana duka la viatu. Atauza viatu ameketi.

Ludek anabaki!

Kwenye ngazi nilimwambia Mama Emil asante. Ilinitoka kwa shida, kama jino. Akasema usinishukuru, rudisha bakuli langu la Septemba.

Jumatano, 28 Februari

Nimekaa siku sita nikifikiri juu ya yaliyotokea. Stach alisema ni vizuri, mtu ajifunze. Nimejifunza.

Kosa langu lilikuwa penseli. Penseli ina refa, ina sahihi, ina Padri. Kitabu kinafutwa. Lakini sufi! Ligi nzima imeinamia sufi! Bwana Ackerley hakuuliza hata kama imeapa.

Jumamosi nilinunua mabunda manane. Kijani, rangi ya macho ya Ludek. Mstari mmoja kwa pointi. Fundo kwa kila mtu aliyemzuia. Na mistari ya manjano kwa vikapu ambavyo angefunga kama angepewa mpira, maana hivyo navyo mtu lazima aviandike mahali, na mimi ndiye ninayeviona vizuri.

Skafu ina mistari mia na arobaini tayari. Mchezo haujaanza. Ni akiba.

Mama Emil aliiona dirishani, akaingia bila kubisha. Akaihesabu. Akasema, "Mama Ludek, mia na arobaini! Ya lini hiyo?" Nikamwambia ya mbele. Akaketi. Nilidhani ataita ligi. Akaniambia nashika sindano kama nyundo, akanionyesha namna ya kupiga fundo lisifunguke. Nimempa bakuli lake. Lilikuwa na pierogi ndani.

Nimewaambia wote. Mwuza nyama anakuja, kinyozi anakuja, Bwana Teague anakuja na mkono shingoni. Stach ataomba ruhusa tanurini. Nitakuwa safu ya kumi na moja, gauni la bluu, kapu miguuni. Asikose mtu: Jumapili, tarehe nne Machi, saa nane mchana.